Pole kwa kuuguza: nani analipa nini mwenza wako anapougua saratani ya damu

Kanda ya Ziwa mtu akisikia una mgonjwa nyumbani, neno la kwanza ni "pole kwa kuuguza". Dada yangu amelisikia kwenye meli ya Nansio, sokoni, kanisani, hata kwa kondakta wa daladala. Anaitikia "nimeshapoa", kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya dagaa.

Jioni ya siku tuliyopata majibu ya mumewe alinunua daftari. Ukurasa wa kwanza akaandika "Pesa ya ugonjwa", na chini yake milioni tatu. Akaikata, akaandika milioni nane. Akaikata na hiyo, akaweka kalamu chini. Nilimuuliza milioni nane ni za nini. Hakujua, na mimi sikujua.

Nilichojifunza miezi iliyofuata ni kwamba kitu kinachoitwa "pesa ya ugonjwa" hakipo. Ipo pesa ya kipimo, ya dawa, ya kitanda, ya damu, ya nauli, na pesa ya unga nyumbani wakati mtafutaji amelala. Kila moja ina mlango wake, na anayekaa kwenye mlango mmoja hana habari na wa jirani. Ukienda kuomba milioni nane utaambiwa pole. Ukienda kuomba nauli ya kliniki mbili, unaweza kupewa.

Kwanza jina kamili

Shemeji alianza na tumbo kujaa upande wa kushoto. Bandama lilikuwa limevimba. Kando ya Ziwa Victoria bandama likivimba watu hufikiria malaria au kichocho, na si ujinga, kwa sababu magonjwa yote mawili yapo huku na yote hulivimbisha. Alitibiwa kichocho mara mbili. Kilichotoa siri ni kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho hata hospitali ya wilaya hukifanya. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Za shemeji zilikuwa zimepita laki moja.

"Saratani ya damu" ni jina la ukoo tu. Tawi linalotuhusu hapa ni lukemia, saratani ya chembe nyeupe za damu. Ndani yake kuna ndugu wakubwa wanne, na gharama zao hazifanani hata kidogo. Wawili ni wakali, yaani huenda kwa kasi ya wiki: lukemia kali ya mieloidi na lukemia kali ya limfoidi. Wawili ni sugu, huenda kwa miaka: sugu ya mieloidi na sugu ya limfoidi. Muulize daktari maswali mawili, na jibu akuandikie: ni kali au sugu? Ni ya mieloidi au ya limfoidi? Karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa milango yote iliyobaki.

Iwapo ni kali, pesa inahitajika sasa hivi na kwa wingi. Mgonjwa hulazwa, awamu ya kwanza huchukua takribani mwezi, huwekewa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kinga inashuka karibu na sifuri, ndipo zinapoingia dawa nzito za bakteria na fangasi, damu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Baada ya hapo kuna awamu nyingine. Ile ya limfoidi kwa mtu mzima, matibabu yake yanaweza kufika miaka miwili hadi mitatu. Hapa hakuna nafasi ya kusubiri mavuno.

Iwapo ni sugu ya limfoidi, daktari anaweza kusema tusimpe dawa kwanza, tumwangalie. Familia husikia hivyo ikadhani mgonjwa ametelekezwa, ikauza shamba ili impeleke kwingine. Kumwangalia ni utaratibu wa kawaida wa ugonjwa huo duniani kote. Kwa hiyo usiuze kitu wiki ile ya majibu. Ng'ombe aliyeuzwa kwa hofu huuzwa bei ya hofu.

Shemeji alikuwa na ya nne, sugu ya mieloidi, na hii ina kisa chake. Mwaka 1960 watafiti wa mji wa Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida kwenye seli za wagonjwa wa aina hii. Ikaja kufahamika kwamba vipande viwili vya kromosomu vimebadilishana mahali, na pale vilipoungana huzalishwa protini inayoiamrisha seli izaane bila kukoma. Mwaka 2001 dawa ya kuifunga protini hiyo iliidhinishwa: imatinibi, kidonge cha kumeza nyumbani kila siku, kwa kawaida miligramu 400. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukageuka kuwa kama kisukari: unaishi nao, ukiwa na kidonge.

Kidonge chenyewe kilikuwa ghali kupita kiasi. Ndiyo maana mwaka 2002 kampuni ya Novartis, iliyokitengeneza, na shirika la The Max Foundation walianzisha mpango wa kukitoa bure kwa wagonjwa wasio na uwezo katika nchi nyingi. Tanzania imo, na kwa miaka mingi mlango wake uliojulikana ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa haandiki maombi mwenyewe. Daktari wa kituo kilichosajiliwa ndiye anayemwandikisha. Na haandikishwi kwa macho, lazima kipimo kionyeshe ile hitilafu ya jeni iitwayo BCR-ABL. Kipimo hicho kinaweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, mradi kiwepo kibweta (katriji) chake maalum. Swali la kuuliza kliniki ya saratani pale Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, basi, si "dawa ni shilingi ngapi?" Ni hili: "Naweza kuandikishwa kwenye mpango wa dawa za bure, na dawa nichukulie hapa hapa?" Kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na nauli ya kwenda na kurudi kila mara inaweza kuifanya dawa ya bure iwe ghali.

Dada alipoelewa hili, zile milioni nane zilikufa palepale. Alichohitaji kilikuwa kipimo kimoja kizito, kisha nauli, nauli, nauli.

Bima, na pale inapokomea

Wapo wanaouguza mwenza huku wamebeba bima mfukoni bila kujua. Mtumishi anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hukatwa asilimia 3 ya mshahara wa msingi na mwajiri huongeza asilimia 3, na kadi hiyo humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Kama mke ni mwalimu wa shule ya msingi Magu na mume ni mvuvi, mume anaingia kwenye kadi ya mwalimu. Kinachowakwamisha wengi ni cheti cha ndoa. Utasikia: "Tumeishi pamoja miaka kumi na mbili, mahari imetolewa, watoto wanne, cheti hakuna." Ndoa inaweza kusajiliwa hata sasa. Wengine hufunga ya bomani, kwa Mkuu wa Wilaya, mgonjwa akiwa bado anaweza kusimama na kutia saini. Si harusi ya ndoto za mtu, lakini huanza kulipa siku kadi inapotoka.

Ukishakuwa na kadi, uliza mapema kuhusu kibali. Dawa za saratani zinaweza kuhitaji idhini ya Mfuko kabla ya kutolewa, na idhini ikichelewa tarehe ya dripu inapita. Dirisha la dawa wakikuambia dawa imeisha, usikimbilie duka la dawa na pesa yako. Omba fomu ya dawa zilizokosekana, ile wengi wanaiita 2C, uchukue dawa kwenye duka lililosajiliwa na Mfuko.

Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, nayo inahitaji kueleweka. Huku mikoani kaya ya watu sita ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zake zinaanzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Mwanza hiyo ni Sekou Toure. Bugando ni hospitali ya kanda, ngazi ya juu yake. Maana yake picha ya damu na vipimo vya mwanzo vinaweza kupita kwenye CHF, lakini ukipanda kilima cha Bugando na barua ya rufaa, kadi inabaki chini. Watu hukasirikia karani wa mapokezi kwa jambo hili, na karani hakuliandika yeye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imekusudiwa kubadili mpangilio huu, kwa hiyo kabla hujalipia kadi yoyote uliza halmashauri yako inaandikisha kwa mpango upi sasa.

Vifurushi vya hiari, vya umma na vya kampuni binafsi? Vinafaa kwa ambaye bado hajaugua. Kununua bima baada ya majibu ni kuezeka mvua ikiwa imeshaanza. Ukiamua hivyo hata hivyo, kitu cha kusoma si orodha ya huduma, ni kipindi cha kusubiri na maradhi yaliyoachwa nje.

Na mgonjwa mwenyewe akiwa ameajiriwa, asiandike barua ya kuacha kazi. Nimeona mtu akifanya hivyo kwa uungwana, "nisimsumbue mwajiri", akaitupa bima pamoja na mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Kwako wewe unayeuguza sheria hiyo ni bahili. Inatoa angalau siku nne za malipo mtoto wako anapougua au kufariki, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Soma tena. Siku za kumzika mwenza zimo, za kumuuguza hazimo. Unachobaki nacho ni likizo yako ya mwaka, siku 28, na ubinadamu wa bosi.

Mlango wa Ustawi wa Jamii

Asiye na bima ana mlango huu, na wengi huufikia wamechelewa, siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa mkononi. Uendee siku ya kulazwa.

Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990, sera ya afya imeweka makundi ya msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi fulani ya muda mrefu, saratani ikiwemo. Pembeni yake kuna msamaha wa kipato, kwa yeyote aliyethibitishwa kuwa hamudu. Anayethibitisha ni Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, kwa kuanzia na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji, yenye picha ya mgonjwa iliyogongwa muhuri.

Dada alikwenda na barua ya kijiji iliyosema "mhusika hana uwezo" na hakuna kingine. Afisa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliisoma mara moja akaiweka kando.

"Shikamoo mama," dada akasema kwa mara ya pili, kwa wasiwasi.

"Marahaba mwanangu. Mtumbwi ni wa nani?"

"Wa mume wangu na kaka yake. Nusu kwa nusu."

"Injini?"

"Ya kaka yake."

"Taa za dagaa?"

"Za mkopo."

Akauliza nyumba imeezekwa kwa nini, watoto wangapi wako shule, kaya imo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au haimo, mwezi uliopita mmeingiza kiasi gani na mmekula nini jana usiku. Dada alitaka kusema mtumbwi si wao. Nilimkanyaga mguu. Afisa wa namna hii amekaa na maelfu ya wavuvi. Uongo anausikia kabla haujatoka mdomoni, na ukishanaswa kwenye mtumbwi hata ukweli wa mkopo wa taa hautaaminika. Dada alitoka na msamaha wa sehemu: kitanda na vipimo vya kawaida vilifutwa, kipimo kikubwa wakalipa nusu kwa awamu tatu. Hakuwa amejua kwamba kuna kitu kinaitwa awamu. Alidhani ni ndiyo au hapana.

Msamaha hauwezi kuleta dawa ambayo haipo stoo. Hapo ndipo unapomwomba mfamasia jina halisi la dawa, si jina la kampuni, na kuuliza maduka matatu. Tofauti ya bei inaweza kukushangaza.

Neno moja kuhusu mashirika. Ukiuliza uliza mjini utatajiwa Tumaini la Maisha. Ni shirika la kweli na kazi yake ni kubwa, ila ni la watoto wenye saratani. Mumeo wa miaka 41 si mtoto. Usipoteze nauli.

Damu

Mgonjwa wa lukemia kali anaweza kuhitaji chupa nyingi kuliko familia inavyofikiria. Damu haiuzwi. Ipo chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye kituo cha kanda hapa Mwanza, na anayekudai pesa ya chupa kwenye korido ni wa kuripotiwa. Hospitali itawaomba ndugu wachangie kurudisha akiba. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Hii ndiyo kazi ya kumpa yule mpwa anayesema hana hata mia mbovu: njoo na marafiki zako wawili, mkiwa mmekula.

Unga wa nyumbani

Huku ndiko nyumba nyingi zinakovunjikia, kimya kimya, wakati macho yote yako hospitali. Mwenza mmoja akiugua kipato hupungua mara mbili: cha mgonjwa, na cha anayemuuguza.

Dagaa huvuliwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa. Kliniki ya kwanza ya shemeji iliangukia katikati ya giza, na kwa kuwa dada ndiye anayenunua na kuanika dagaa, kumsindikiza kulimla wiki nzima ya mapato. Mara ya pili alikwenda na kalenda yenye alama za mwezi, akamwonyesha muuguzi wa kliniki: "Sista, tarehe hii mbele kidogo, kuna mbalamwezi." Muuguzi alicheka, akaisogeza siku sita. Haikugharimu mtu yeyote chochote, na sijaona msaada wowote uliowafaa kuliko huo.

Mtumbwi hawakuuza. Kaka mtu aliuchukua kwa makubaliano ya mgao, yameandikwa kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga. Chombo cha kazi kikodishwe, kisiuzwe. Ukishakiuza, umeugua na wewe.

Madeni. Kama kuna mkopo wa benki kwa mshahara, tafuta mkataba uone bima ya mkopo inasemaje juu ya ulemavu wa kudumu, na nenda ukaombe marejesho yapangwe upya kabla hujaruka mwezi. Kikoba kina mifuko miwili, hisa na jamii, na ule wa jamii uliwekwa kwa ajili ya siku kama hizi. Wanachama wengine huona aibu kuuomba kana kwamba ni wa wenzao. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo si ya dawa, ni ya biashara, lakini anayeuguza anahitaji biashara kuliko wakati wowote. Ile ya mtaani inayotolewa ndani ya dakika kumi kwa dhamana ya kadi ya benki au televisheni, iacheni. Wenyewe wameipa jina kausha damu, na nyumba yenye mgonjwa wa damu haihitaji kuelezwa zaidi.

Mchango kama wa harusi

Sisi ni hodari wa kuchanga. Harusi ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za ahadi na kikao kila Jumapili. Msiba nao haulali njaa. Katikati, mtu akiwa hai na anahitaji nauli, tunatuma pole. Sidhani ni roho mbaya. Harusi ina tarehe na bajeti, ugonjwa hauna, na watu huogopa kutumbukiza pesa kwenye shimo lisilo na kina.

Basi lipe kina. Kamati ya watu watatu, mweka hazina asiwe mgonjwa wala mwenza wake. Namba moja ya simu, na jina linalotokea mtu anapotuma lijulikane kwa wote. Kila mwisho wa mwezi taarifa kwenye grupu: kilichoingia, kilichotoka, kilichopungua. Jumuiya ndogondogo inaweza kubeba kitu kimoja, tuseme nauli ya meli. Msikitini, zaka ina mafungu ya maskini na wenye madeni. Imamu anajua, aulizwe. Kuhusu kuweka picha ya mgonjwa mtandaoni akiwa amelala bila shati, kwanza aulizwe yeye. Shemeji alikataa, na grupu ilichanga vilevile.

Daftari la dada sasa limechakaa pembeni na linanuka dagaa. Ule ukurasa wa kwanza aliuchana. Mengine yamegawanywa kwa rula: nauli, vipimo, awamu za hospitali, ada za watoto, na safu nyembamba ya nani kaleta nini. Juzi tukiwa mwaloni Kirumba mteja wake wa siku nyingi alimshika mkono, akasema pole kwa kuuguza.

"Nimeshapoa," dada akajibu, huku akifungua daftari. "Ila nauli ya Julai bado nusu."

Yule mama akatoa simu. "Nitajie namba."